Cherehani au Bafu

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo. Mpwa wa mume wangu, aliyekuwa akilala chumba cha nne wakati anasoma chuo, amepata kazi mbali. Amebeba godoro lake na kuondoka. Nimemwombea heri kwa moyo wote, tena kwa sauti. Kabla hajafika barabarani nilikuwa nimeshaingia chumbani na futi yangu, napima ukuta wa dirishani.

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi, na tangu niolewe nashonea sebuleni. Binti yetu alijifunza kutambaa juu ya mabaki ya vitambaa. Mwaka jana mkuu wa shule anakofundisha mume wangu alikuja kututembelea, akakalia pini. Alijikaza kiutu uzima, hakusema neno, ila mazungumzo yalikuwa mafupi.

Sasa basi. Meza ya kukatia itakaa hapa, cherehani pale penye mwanga, magauni yataning'inia ukuta wa kule, na mlango utafungwa. Nimekata kauli. Safari hii chumba sikitoi, hata aje nani.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimefagia chumba mara mbili, ya pili kwa raha tu.

Jumapili, 9 Machi

Wamenizunguka mezani. Mume wangu ndiye aliyeanza. Nyumbani tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu hana jambo la leo. Lakini hili alikuwa ameliandaa.

"Mke wangu, tuko watu wanne na bafu moja. Kila asubuhi nachelewa kipindi cha kwanza. Kile chumba kingekuwa bafu la pili."

"Bafu moja linatosha," nikasema. "Mwambie binti yako apunguze kujitazama."

"Mimi najiandaa tu," akajibu binti, ambaye jina lake la nyumbani ni Malkia wa Kioo. "Kwani mnataka niende shule na tongotongo?"

Mama mkwe akaweka kijiko chini. Amehamia kwetu tangu Januari, magoti yalipokataa kumpandisha ngazi za kwake. Anatembea na fimbo, na anasema kidogo, lakini akisema watu wananyamaza.

"Mnagombania chumba cha wageni," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba isiyo na pa kumlaza mgeni ni nyumba gani?"

Kwa hiyo mume na binti wanataka bafu, mama mkwe anataka wageni, na mimi nataka kushona. Nimewaambia wazi kwamba wageni watalala sebuleni, pini zikishahama.

Niandike na hili, maana leo limechekesha. Mlango wa bafu letu, lenye choo humohumo, hauna komeo. Binti alipokuwa mdogo alijifungia humo, baba yake akauvunja kwa bega, akaapa kwamba hakuna komeo tena katika nyumba hii. Tangu hapo tuna sheria moja: anayeingia huacha kandambili zake nje ya mlango. Ukiziona, unasubiri. Leo Malkia ameacha zake nje akaenda kulala peku, na mume wangu amesubiri mlangoni pa bafu tupu mpaka nikamwonea huruma. Sikumwonea mapema sana.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe ameacha tena chai yangu. Kikombe kimejaa vilevile nilivyokiweka. Nimebadilisha majani ya chai, nimepunguza sukari, nimeongeza sukari. Kilichobaki ni kubadilisha mkamwana.

Ijumaa, 14 Machi

Chai imeachwa. Mvua inanyesha. Sikumwuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Mume wangu amemleta fundi bomba nikiwa na mteja, yaani kwa makusudi. Fundi huyu kila jibu lake lina "hapana shaka". Nilimwuliza kama bafu la pili haliwezi kujengwa nyuma ya jiko.

"Hapana shaka, mama. Ila maji machafu yatapanda mlima. Bomba kubwa linapita nyuma ya chumba cha nne, na mteremko unaelekea huko. Bafu ni pale au hakuna."

"Basi hakuna," nikasema.

"Hapana shaka," akasema, akakunja futi yake. Mume wangu alimtazama kama mwanafunzi aliyemwangusha siku ya ukaguzi.

Bi harusi wangu alikuwa amesimama muda wote huo na gauni nusu, pindo limejaa pini. Akaniuliza, "Dada, kwani wewe huna chumba cha kazi?" Nikamjibu, "Ninacho. Kinatafutiwa choo."

Ijumaa, 21 Machi

Mvua bila kukoma. Ukungu umeanza kuota kwenye dari ya bafu. Mama hajagusa chai wala maji. Jioni nimemwambia mume wangu kwamba mama yake ananidharau. Amesema, "Tutalizungumza kesho."

Jumanne, 25 Machi

Nimekaa hospitalini tangu asubuhi, lakini naandika.

Mume na binti walikuwa wameshatoka. Nilikuwa nashona ukosi wa gauni nikasikia fimbo imeanguka ukumbini, kisha kitu kizito. Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, macho yanatazama pasipo kuona. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimwita, akanijibu kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Sikumbuki nilivyompata mwenye gari. Nakumbuka tu kwamba nilifika hospitalini na futi shingoni.

Daktari alimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akanigeukia.

"Huyu mama amekaukiwa na maji. Nyumbani anakunywa nini?"

Nilitaka kusema anakunywa chai. Nikakumbuka vile vikombe vyote nilivyomwaga huku nasonya.

Wamemtundikia maji. Alipopata nguvu, nilivuta kiti karibu.

"Mama, chai yangu mbaya kiasi hicho?"

"Chai yako nzuri sana, mwanangu. Naionea uchungu nikiiacha."

"Sasa kwa nini?"

Akageukia ukutani. Halafu akaanza kusema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Nikinywa, itabidi niende. Nikienda, lazima niingie na viatu. Bila viatu nateleza. Nyie mnaacha kandambili nje, mimi siwezi. Basi mtu ajuaje kama nimo?" Akavuta shuka kifuani. "Mwezi wa pili mwanangu alifungua mlango. Nilikuwa nimesimama vile nilivyozaliwa, nimeshika bomba. Akaufunga upesi, hakusema, nami sikusema. Nilimwogesha mimi yule. Sasa yeye ndiye anione mimi? Tangu siku ile nangoja mtoke wote ndipo niende, na wewe kutoka kwako ni nadra. Asiyekunywa hana haja ya kwenda."

Nililia palepale, mbele ya wagonjwa wengine, wala sikujali. Mwezi wote nimemwona mwanamke mwenye kiburi, kumbe ni mwanamke mwenye kiu.

Mume wangu alipofika, nilimtoa nje nikamwambia yote. Alikaa kwenye benchi akaziba uso. "Nilijua nimemwona," akasema. "Nilidhani nikinyamaza ndiyo heshima."

Alhamisi, 27 Machi

Mama amerudi nyumbani. Bwana Kesho ametushangaza: jana, bila kuambiwa, alinunua komeo na kulifunga mwenyewe kwenye mlango wa bafu. Limekaa upande kidogo, lakini linafunga. Binti ameuliza kama baba anaumwa.

Mama amelijaribu mara tatu. Jioni amekunywa kikombe kizima.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia komeo likigonga nilifurahi kwa ajili ya Mama, kisha nikafurahi kwa ajili yangu. Tatizo limekwisha kwa kipande cha chuma. Chumba kimebaki changu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimehamia! Mume wangu na binti wamebeba cherehani, mimi nimebeba malalamiko ya namna wanavyoibeba. Mchana kutwa nimeshona mlango ukiwa umefungwa. Hakuna aliyeniambia nisogee apite. Hakuna aliyeniuliza rimoti iko wapi. Nimekata kitambaa cha shela kwa mkato mmoja mrefu, bila kukikunja, kwa mara ya kwanza maishani. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kazi inakwenda. Raha.

Jumapili, 6 Aprili

Kelele asubuhi. Mama alikuwa bafuni, binti akigonga: "Bibi, bado?" Mume wangu na kikohozi chake kile cha kukumbusha watu saa. Nimefunga mlango wa chumba changu nikaendelea na vifungo.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nilimwita Mama chumbani nimpime, maana nataka kumshonea gauni la nyumbani la kufungwa mbele, asihangaike na mikono. Nilipozungusha futi shingoni niliona nyuma ya sikio povu la sabuni lililokauka. Na begani. Na mgongoni, chini ya nguo, ngozi ilikuwa nyeupe na inanata.

"Mama, hukujisuuza?"

"Walikuwa wanangoja," akasema. "Mtoto ana shule, baba yake ana kazi. Mimi nina nini? Nikawapisha."

Nikamwuliza amekunywa nini leo. Akatabasamu, akaniuliza kama gauni litakuwa na mifuko.

Nimempangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, taratibu, tukizungumza habari za mifuko. Alipotoka nikakaa mbele ya cherehani. Sikushona. Nimetazama meza, na mwanga unavyoingia, na magauni yamejipanga ukutani kama maharusi wanaongoja kuitwa. Siku kumi na moja tu nimekaa humu, nami nimeshazoea kama nimezaliwa humu.

Komeo humzuia mtu asiingie. Halimzuii kugonga, wala halimnyamazishi anayekohoa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia mume wangu: bafu lijengwe, chumba cha nne. Ameweka kalamu chini.

"Lakini umeshahamia. Mwenyewe ulisema hata aje nani."

"Aliyekuja ni mama yako."

"Basi tusikimbilie. Haraka haraka haina baraka. Mvua zikiisha, tutakaa kitako..."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia, "na kwenye nyumba hii yanaumia kwelikweli. Fundi aje wiki hii."

Akanitazama sana. "Unakipenda kile chumba."

"Nakipenda mno. Kwa hiyo usinipe nafasi ya kufikiri mara mbili."

Aliyekataa ni Mama. Alinifuata jikoni na fimbo yake, amekasirika hasa.

"Mimi siji kwa watu kuvunja nyumba. Mimi ni mpita njia, mwanangu. Leo nipo, kesho sipo. Chumba chako kitakuwa kimeharibika bure."

"Hata mpita njia huoga, Mama. Upite ukiwa umesuuzwa."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Lakini bado hakukubali.

Jumamosi, 12 Aprili

Mimi sikati hariri kabla sijajaribu kwa kitambaa duni. Kwa nini nikate nyumba bila kujaribu? Leo nimetoa kila kitu chumbani, nikachora bafu sakafuni kwa chaki, nikafunga kamba na kuning'iniza mashuka yawe kuta. Kiti kikawa choo. Beseni likawa pa kuogea. Pini zangu zote zimefanya kazi ya matofali.

Nikamwita Mama aje apimwe bafu.

Alisimama nje ya mashuka, ananitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akaingia na fimbo yake. Akakaa kwenye kiti. Akainuka, akanyoosha mkono hewani.

"Hapa panahitaji kitu cha kushika."

Nikachoma pini kwenye shuka.

"Chini kidogo. Mimi si twiga."

Nikashusha pini. Akageuka upande wa beseni, fimbo ikagonga "ukuta" ukaanguka wote. Tukausimamisha, nikautoa nje kwa hatua moja. Nilikuwa nimempima yeye nikasahau kuipima fimbo. Bafu hilo lingejengwa kwa kipimo changu cha kwanza, angekuwa akiingia na kukwama humo kama sindano kwenye zulia.

Binti alichungulia, akauliza anaweza kupiga picha. Bibi yake akamjibu kutoka ndani ya mashuka, "Toka! Huoni kuna mtu?"

Alisema hivyo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu ahamie hapa. Akakaa humo peke yake kitambo. Alipotoka alikunja shuka la mlangoni vizuri, kama mtu anayefunga mlango wake.

"Fundi wako anakuja lini?" akauliza.

Jumatano, 16 Aprili

Cherehani imerudi sebuleni. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika. Niliinua nyundo ya fundi nikapiga ukuta wa dirishani mimi mwenyewe, pigo la kwanza, pale nilipopima siku ile ya kwanza. Fundi aliniambia nisimame kando nisiumie. "Hapana shaka," nikamjibu, nikapiga la pili.

Jumanne, 22 Aprili

Vumbi. Magauni mawili nimeyahifadhi kwa jirani, chini ya kitanda chake. Mvua imeingia kupitia tundu la bomba. Fundi hakuja. Alisema angekuja, hapana shaka.

Alhamisi, 24 Aprili

Fundi hakuja. Nimemfuata anakojenga kwingine, nikasimama mlangoni na futi shingoni mpaka akaona aibu mbele ya wateja wake. Amekuja.

Jumapili, 27 Aprili

Mume wangu amebeba saruji begani kwenye mvua, huku akilalamika mgongo, na hakusema kesho hata mara moja. Ninaanza kuogopa kwamba jina lake itabidi tulibadilishe.

Jumapili, 4 Mei

Ugomvi, na mimi nilikuwa upande mbaya.

Vigae vimekaa, vyuma vya kushikia vimekaa, chini kidogo, si vya twiga. Umebaki mlango. Mume wangu alileta kitasa cha kisasa ambacho mtu wa nje anaweza kukifungua kwa kijiko ikitokea dharura. Nilimsifu. Tumeona Mama akianguka mara moja, inatosha. Lakini Mama alikigeuza mkononi.

"Hiki kinafunguka kwa nje?"

"Kwa dharura tu, Mama," nikasema.

"Na dharura anaamua nani?"

Mama akakiweka mezani.

"Nikichelewa kidogo mtasema dharura. Nikinyamaza mtasema dharura. Hiki si kitasa, ni pambo. Nileteeni komeo la chuma, kama lile la kule."

"Na ukianguka humo ndani?" mume wangu akapandisha sauti. "Nivunje tena mlango kwa bega? Nilikuwa kijana wakati ule!"

"Nikianguka nitapiga kelele. Koo langu halina goti."

Nilitaka kusema yeye si mtoto, awe na akili. Nikajisikia nikitaka kusema hivyo. Nimetoa chumba changu nikadhani nimenunua na haki ya kuufungua mlango. Nikamwambia mume wangu, "Leta komeo." Akasema mimi na mama yake tumeshirikiana kumzeesha. Amelileta.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua zimepungua. Bi harusi amechukua gauni lake. Nililimalizia sebuleni, televisheni ikisoma habari, mtu akiniambia nisogee.

Jumapili, 11 Mei

Leo bafu limefunguliwa. Hakukuwa na utepe wala hotuba. Mama alitoka chumbani kwake na gauni lake jipya mkononi, taulo begani, fimbo. Akatupita sote. Mlango ukafungwa. Komeo likaingia mahali pake, mlio mmoja mzito.

Tulisikia maji. Tukatulia. Mume wangu akajifanya anasahihisha madaftari, mimi nikajifanya natunga uzi. Maji yakaendelea. Binti akasema kwamba bibi anamshinda hata yeye. Maji yakakata, kukawa kimya.

Kimya kikawa kirefu. Mume wangu aliinuka kwanza, halafu mimi, halafu binti, hakuna aliyemwita mwenzake. Tukajikuta watatu mbele ya mlango, tumetega masikio. Hakuna kitu. Mume wangu alikuwa amekunja uso. Akainua mkono agonge.

Nikaushika. Sijui nguvu nilizitoa wapi, maana mimi mwenyewe nilitaka kugonga. Nikatikisa kichwa. Akanitazama kwa macho ya mtoto, na mimi sikuachia. Nilifikiria chumba changu, mwanga wa dirisha lile, ule mkato mmoja mrefu wa shela. Bado nakitaka. Nikaona nikigonga mlango huu mara moja tu, nitakuwa nimekitoa bure.

Tukasimama hivyo, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Ndipo Mama akasema kutoka ndani, kwa utulivu wa mtu aliyekaa kwake:

"Nyie watatu, nawasikia mnapumua. Hamna kazi?"

Tukakimbia.